Nani Aliyefuta Maneno ya Mtani

Same, 14 Januari 2024

Mwanangu Nakiete,

Salamu zako za mwaka mpya nilizipokea kwa simu na marahaba nikaitikia papo hapo. Lakini simu ni ya salamu. Neno lenye uzito huandikwa. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu miaka yote nikiwa mwalimu mkuu, na sioni kwa nini wewe nikufundishe vingine eti kwa sababu unaishi Woolwich.

Hapa tuko salama. Mvua za vuli zilikuja na hasira, zikaangusha choo cha jirani, na sasa anatumia chetu na kukilalamikia. Kaka yako Mbonea amenunua pikipiki na ameshaanguka nayo. Yeye hakuumia. Aliyeumia ni mbuzi wa mchungaji wa kanisa letu, na hilo lina mazungumzo yake.

Hizo video zako za Kipare sizitazami. Mtu wa umri wangu ana shughuli. Ila nimesikia kwamba katika ile ya wiki ya Krismasi, huyo Mama Rufaa unayemwigiza alimshitaki mbweha aliyepindua pipa lake la taka, akamtaka afike barazani na mashahidi wawili. Nimesikia pia kwamba alifunga kitenge juu ya sweta kama ninavyofunga mimi, na kila akitaka kusema anakohoa kwanza kama ninavyokohoa mimi. Sikasiriki. Nakuuliza tu kama huko London hakuna mtu mwingine wa kumwiga.

Nina swali moja, na nauliza kwa niaba ya mtu. Yale maneno ambayo watu huandika chini ya video, yakiwapo asubuhi na jioni yasiwepo, ni nani anayeyafuta? Ni aliyeandika, kwa kujuta? Au ni mwenye video? Mtu huyo aliona neno fulani, akaweka simu kwenye chaji ili akatafute miwani alisome vizuri. Umeme ukakatika. Uliporudi, neno halipo. Anataka kujua tu.

Mengine ni madogo. Mzee Aikaeli Mmari wa duka la mabati, yule mtani wetu Mchaga, amebadilika. Unakumbuka miaka yote nikipita pale huwatangazia wateja kwamba mwenye kesi ajitokeze, wakili asiyelipwa anapita. Sasa nikipita anainuka kwenye kiti, anavua kofia, anasema, "Shikamoo, Mwalimu." Shikamoo! Mtu ananizidi miaka minne. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Mara ya pili nilirudi nyumbani nikakaa bila kuvua viatu.

Jibu swali, na ulijibu kwa karatasi.

Shangazi yako,
Navoneiwa


Woolwich, 25 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na muhuri wa Same na duara la kikombe cha chai, sijui ni chai yako au ya posta. Sisi wazima. Baridi ya huku inaelekea kuisha lakini haijakubali. Kazini, kwenye ile nyumba ya wazee, nimeongezewa shifti kwa sababu mwenzangu amejifungua mapacha. Maureen amefikisha miaka kumi na minne na amenizidi urefu. Anakusalimu kwa Kiingereza, ila shikamoo aliitamka mwenyewe bila kusukumwa.

Pole na mbuzi wa mchungaji. Mwambie Mbonea akubali makosa mapema, asije akanipa kisa cha video.

Hizo video usizozitazama, Shangazi, ungeona chini yake pana baraza kubwa kuliko video zenyewe. Wapo Wapare wa Reading na wa Toronto wanaobishana kama Mama Rufaa anaongea Kipare cha milimani au cha tambarare. Wapo watoto wao wasiojua hata neno moja, lakini wakiona ule mkono umewekwa kiunoni wanaandika kwa Kiingereza kwamba huyo ni bibi yao kabisa. Wapo Wakenya wanaocheka kwanza kisha wanauliza Upare uko wapi. Na yupo Bwana Kishor, mwenye duka kule Queensbury. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapo Same, na yeye Kipare anakijua kuliko mimi. Kila nikikosea ananisahihisha mbele ya watu.

Sasa jibu la swali lako. Mwambie huyo mtu asihangaike: tuliofuta ni sisi.

Alikuwepo mtu mmoja aliyejiita Ndizi Mbivu, hana picha, hana jina. Toka video ya kwanza alikuwa anatuandama. "Mpare akikukaribisha makande, kula haraka, ameshahesabu maharage." "Huyu mama akifika mbinguni ataomba kesi ihamishiwe mahakama nyingine." Kwa ile ya mbweha aliandika, "Mbweha achukue wakili Mchaga, atashinda kesi na pipa litabaki kwake." Mimi nilikuwa nacheka, sikufichi. Lakini siku niliposema kwenye video kwamba Mama Rufaa nimemtoa kwa shangazi yangu, akaanza kumalizia kila tusi kwa maneno yale yale: "Mnipe Shangazi yenu."

Maureen ndiye mlinzi wa maoni, kazi hiyo nilimpa mwenyewe. Akaja jikoni na simu, akidai unanyanyaswa. "Mum, some man is harassing Auntie. This is literally harassment."

Nikamweleza habari za utani, kwamba Mchaga na Mpare hutukanana bila kuchukiana. Akaniuliza nina ushahidi gani kwamba mtu huyu ni mtani na si mwendawazimu. Shangazi, nilitafuta ushahidi nikaukosa, na wewe unajua Mpare akikosa ushahidi anavyonywea. Nikamwachia. Akamzuia, akafuta maneno yake yote, akamripoti kwa wenye mtandao.

Tangu hapo pametulia. Niseme kweli, pametulia mno. Watu wanaweka alama ya kicheko wanapita. Wengine wanauliza, "Mtani yuko wapi?" kisha nao wanaondoka. Video ya Mama Rufaa kumshitaki dereva wa basi aliyempita kituoni nilidhani itavuma, imelala kama makande ya juzi.

Huyo mtu wako aliona neno gani hasa?

Barua hii namkabidhi mama mmoja wa kwaya yetu anayekuja Moshi, itafika upesi kuliko posta.

Mwanao,
Nakiete


Same, 7 Aprili 2024

Nakiete,

Barua yako nimeipata baada ya Pasaka. Mama wa kwaya aliifunga pamoja na zawadi za mkwewe, mkwewe akachukua sanduku zima, na kulirudisha kumehitaji watu wazima. Salamu zitakuja na barua nyingine.

Kwa hiyo si yeye aliyelifuta. Sawa.

Huyo Ndizi Mbivu mliyemziba mdomo ni Mzee Mmari. Mtaa mzima unajua isipokuwa wewe, mwenye video. Mkewe alishafariki, wanawe wote wameondoka, mmoja Mwanza, wawili Dar, na goti halimruhusu tena kuzunguka mjini kutukana watu kwa miguu kama zamani. Alinunua simu ile kwa ajili ya utani tu. Na wewe, Mpare, mtoto wa Mpare, ukamshitaki mtani! Toka nizaliwe sijasikia. Mtani hashitakiwi. Mtani akikuudhi unatafuta tusi kubwa kuliko lake, ukilikosa unalipa jogoo.

Ulikuwa mdogo ulipofiwa na mjomba wako, mume wangu, kwa hiyo nitakukumbusha. Jeneza lilipofika kaburini Mmari alikuwa ameshalala chali mbele ya shimo, na suti yake ya kanisani. Akasema marehemu hazikwi, kwa kuwa anajua Mpare huyu akifika huko atamfungulia malaika kesi ya kiwanja, na aibu itakuwa yetu sote. Hakuondoka mpaka alipopewa jogoo. Siku ile sikuwa nimekula wala kuongea. Nikacheka, mbele ya jeneza la mume wangu, na baada ya kucheka nikaweza kulia. Mtu aliyekufanyia hivyo humwiti mwendawazimu.

Sasa nataka mambo mawili. La kwanza, mrudisheni. La pili, nataka neno lake la mwisho, lile la siku ya kufutwa, lirudi lilivyokuwa, bila kupungua. Si yale ya makande. La mwisho.

Usiniulize ni la nini. Na usinishauri nikamuulize mwenyewe. Nusu ya watu wazima wa mji huu niliwafundisha kusoma. Siwezi kuingia duka la mabati mbele yao nikamuuliza mwanamume, "Hebu sema tena, uliandika nini?" Na akikana? Au akicheka?

Maureen usimpige wala kumkaripia. Mtoto aliomba ushahidi, na katika hilo ni mwenzetu.

Shangazi yako


Woolwich, 12 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nimeona aibu. Maureen naye nimemsomea, nikimtafsiria pale alipokwama. Ile habari ya Mzee Mmari kulala mbele ya kaburi ilimfanya aweke simu chini, jambo ambalo mimi sijaliweza kwa miaka.

Tuko wazima. Mapacha wa mwenzangu wanaendelea vizuri.

Tulimfungulia siku ile ile, lakini tukakuta akaunti yake imeshafungwa na wenye mtandao wenyewe kwa sababu ya ripoti ya Maureen. Nikawaandikia kuomba ifunguliwe. Wakajibu kwa Kiingereza cha adabu kwamba wamechunguza jambo hili kwa makini na lugha ile haikubaliki. Nikaandika tena, nikaeleza kwa kirefu kwamba huyu ni mtani wetu, na mtani anapokutukana ndipo anapokuheshimu, na tatizo letu ni kwamba ameacha kututukana. Wakajibu kwamba wananisikitikia sana. Wakanitumia namba ya simu ya shirika linalosaidia wanawake wanaonyanyaswa.

Basi nikafanya nililobakiza. Nikavua kitenge cha Mama Rufaa, nikakaa mbele ya kamera na uso wangu mwenyewe, nikasema kwa Kipare kwamba nimekosa, nimemshitaki mtani, na niko tayari kulipa jogoo. Shangazi, hujaona mvua kama ile. "Mpare kashitaki utani! Sasa dunia inaweza kuisha." "Kesi ziliisha Same, ikabidi apande ndege." "Jogoo huyo ahesabiwe manyoya kabla hajatoka, wasije wakampunguza." Wachaga waliandika kutoka Boston na Oslo, na Wapare nao wakawarudishia. Chini yao Wangoni na Wahehe wakaanzisha ugomvi wao ambao haukutuhusu hata kidogo, na sikuwa na moyo wa kuwafukuza. Watu walikuwa hawajaondoka. Walikuwa wanamsubiri wa kuanza.

Maureen alikuwa anasoma pamoja nami. "So they're being horrible because they like you?"

Nikamwambia ndiyo, wanatukana kwa sababu wanatupenda.

"All of them?"

"Wote hao."

Kisha akamwandikia mama mmoja Mchaga wa Leicester, kwa Kipare alichookota kwenye video zangu, kwamba pombe yake ya mbege ni maji ya kuoshea ndizi. Yule mama akamjibu kwa mioyo saba. Mtoto alitembea nyumba nzima akiringa.

Kuhusu neno la mwisho, nilikuwa nimekata tamaa. Mara akanipigia Bwana Kishor wa Queensbury. "Dada Nakiete," akasema, "mimi nimezaliwa Same, mimi najua mtani. Huyu mzee siku ya mwisho hakutukana. Mimi nikaogopa, nikasema huyu mgonjwa. Nikapiga picha ya simu nikamtumia dada yangu Bhanu, nikamwambia tazama, leo mtani amekosa tusi." Picha anayo mpaka leo.

Nimeichapisha kwenye karatasi nzuri, imo ndani ya bahasha hii, lakini nakunakilia pia kwa mkono wangu, ikitokea chai imemwagikia:

"Leo sina tusi. Mnipe Shangazi yenu. Nyumba imekuwa kimya, na nikisikia anakohoa barabarani nafanya haraka kufika mlangoni."

Shangazi, mimi sikuwahi kulisoma. Lilifutwa pamoja na mengine kabla sijatoka kazini. Yeye bila shaka alidhani ukoo wetu umekaa ukamjibu hivyo. Na huyo mtu uliyeniuliza kwa niaba yake, aliyetafuta miwani, naye akadhani mwandishi amejuta. Nyote wawili mmekaa mji mmoja miezi hii yote mkiamkiana.

Nataka kukuuliza jambo na umenikataza. Basi siulizi. Ila mimi mwanao ningefurahi. Ningefurahi mno.

Naituma kwa rejista, sitaki tena mambo ya kwaya.

Mwanao,
Nakiete


Same, 23 Juni 2024

Mwanangu Nakiete,

Marahaba, na salamu zote nilizozizuia mara ya mwisho zipokee sasa, wewe na Maureen. Mahindi tumevuna, si mabaya. Mbuzi wa mchungaji amepona, ila anachechemea kila akiona watu ili aonewe huruma, na Mbonea bado anampelekea majani.

Barua yako ya rejista imefika Ijumaa. Kesi ilisikilizwa Jumatano.

Usishtuke. Nilisubiri, nikaona siku zinaniishia. Mwanamke wa miaka sitini na minane hakai kungoja watu wa mtandao wamhurumie. Nikaenda ofisi ya kata nikafungua shauri dhidi ya Aikaeli Mmari, mfanyabiashara wa mabati. Katibu, niliyemfundisha darasa la tatu, akauliza aandike madai gani. Nikamwambia aandike: neno. Akasema, "Mwalimu, hili ni la mchungaji." Nikamwambia mchungaji ana kesi ya mbuzi.

Habari ikaenea. Siku ya baraza ukumbi ulijaa, na madirishani palikuwa na watu ambao sikuwaona hata kwenye mazishi. Mmari alikuja na ile suti ya kanisani, kofia akaishika magotini, akaniamkia tena. Moyo uliniuma, nakwambia kweli.

Mwenyekiti akaniuliza nadai nini. Nikakohoa, nikasema mdaiwa aliandika neno kunihusu mbele ya maelfu ya watu, neno likafutwa na mtoto wa ndugu yangu kwa kutojua kabla mimi sijalijibu. Akauliza ushahidi uko wapi.

"Sina," nikasema.

Ukumbi ukaguna. Mpare amekuja barazani mikono mitupu! Mzee mmoja wa baraza alivua miwani kunitazama vizuri. Na mimi nilijua jambo moja tu: akisema hakuandika, au akisema ni mzaha, nitatoka pale nikiwa kichekesho cha Same mpaka siku ya kufa, na sitapita tena barabara ya lile duka. Ningeishi bila mabati. Sikuwa na hakika kama ningeweza mengine.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mzee Mmari, uliandika?"

"Niliandika."

"Mbona umenyamaza tangu hapo?"

"Nilidhani ni yeye aliyeagiza nizibwe mdomo," akasema. "Mtu akikufungia mlango, unabaki na shikamoo tu."

Mwenyekiti naye ni Mpare, hakutosheka. "Sasa useme mbele ya baraza. Uliandika kwa utani, au uliandika kweli?"

Mmari aliizungusha kofia yake. Watu wa madirishani waliacha hata kutafuna.

"Mwenyekiti," akasema, "mengine yote yalikuwa utani. Miaka yote hii. Hilo moja nililitafutia tusi, nikalikosa."

Mimi nilikuwa nimesimama na nikaona afadhali niketi.

Nikaulizwa naomba baraza liamue nini. Nikasema, mdaiwa atekeleze. Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka, na mwenyekiti aligonga meza mpaka akaumia mkono. Akatangaza kwamba baraza la kata halina mamlaka ya kumwoza mtu. Mmari akainuka na goti lake bovu, akasema kama halina mamlaka basi yeye anakata rufaa. Mchaga huyo! Nikamwambia akae chini, aache kuiba mila za watu, na kwamba nimekubali. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, ili na wa nje wasikie.

Picha ya Bwana Kishor nimeitia kwenye Biblia. Imechelewa, lakini nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukwambia, kwa miwani na bila miwani. Umshukuru sana.

Nina furaha, Nakiete. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, kwa kuwa nimelizungusha vya kutosha.

Ndoa ni Septemba, hapa Same. Njooni wote wawili. Mmari anasema na mlinzi wa maoni ana kesi ya kujibu, na hataki kusikia shikamoo. Maureen aje na tusi moja zuri, la Kipare, alitunge mwenyewe. Babu yake anamsubiri.

Shangazi yako,
Navoneiwa